Kazi ya Kusukuma Gari Lisilo Bovu

Asubuhi hiyo niliondoka Bariadi kwa sababu mbwa wa mtaa niliokuwa nimepanga walikuwa wameacha kunibwekea. Mbwa wakishakuzoea, umekaa sana mahali. Msimu wa kupakia pamba kwenye malori ulikuwa umekwisha, mgongo wangu ulikuwa bado mzima, na mkoba wangu ulikuwa na shati, taulo na sufuria ndogo. Mpango sikuwa nao. Tangu nilipoacha shule nikiwa darasa la sita nimekuwa nikiondoka hivyo: natoka nje, natazama vumbi linaelekea wapi, nalifuata.

Siku hiyo vumbi lilielekea Itilima. Mwisho wa mji nilikuta gari dogo jeupe limesimama pembeni, jipya kwa maana yetu, yaani Mjapani alikuwa ameshalichoka. Injini ilikuwa inaunguruma. Mwenye gari, mwanaume wa makamo aliyevaa suti nyeusi kwenye jua lile, alikuwa ameng'ang'ania usukani kwa mikono miwili kama mtu aliyemkamata fahali pembe na hajui amwachie vipi.

"We ngosha," aliniita, kama Wasukuma wanavyomwita mwanaume yeyote. "Una nguvu?"

"Za nini?"

"Za kusukuma."

"Kusukuma nini?"

Akaupiga usukani kwa kiganja. "Hili."

Nilisogea nikasikiliza. "Mbona linaunguruma vizuri?"

"Linaunguruma sasa. Ngoja lisimame mbele za watu."

Kiti cha mbele alikaa mama mmoja mnene, amejifunga vitenge viwili na juu yake sweta. Alinitazama kuanzia viatu kwenda juu. "Miguu anayo," alisema. "Muulize kama anaoga, maana atakaa nyuma yangu mpaka Mwanhuzi."

"Shangazi, hatuchagui mchumba hapa."

"Mchumba tulishachagua, tena mzuri, wewe ukampoteza. Panda, baba. Funga mlango taratibu."

Ndivyo nilivyopata kazi. Nimewahi kuchunga ng'ombe, kuchimba visima na kulinda shamba la matikiti, lakini hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kubebwa na gari ili nilisukume.

Njiani walinieleza kisa, wakipokezana na kusahihishana. Mwenye gari alikuwa ameuza ng'ombe karibu wa zizi zima akanunua gari hilo kwa dalali wa Mwanza. Mkewe hakupenda, ila alivumilia. Kisha gari likaanza tabia yake: likisimama tu, linazima. Sio kila mara, na hapo ndipo palikuwa na uchawi wake. Fundi wa kwanza alibadilisha plagi. Wa pili alibadilisha pampu ya mafuta. Wa tatu alilizunguka, akaliinamia, akasema linahitaji sala. Wakaliombea. Kesho yake likazima mbele ya kanisa.

Kilichovunja nyumba ni harusi ya mpwa wake. Gari lilizima kwenye geti la ukumbi, msafara mzima nyuma unapiga honi. Mkewe, na kitenge chake kipya na viatu virefu, alishuka akasukuma pamoja na wasimamizi wa bibi harusi. Gari likawaka, watu wakapiga makofi, wengine wakarekodi kwa simu. Asubuhi iliyofuata mama huyo alichukua begi akarudi kwa wazazi wake, nje kidogo ya Mwanhuzi. Aliacha neno moja: yeye aliolewa kwa ng'ombe, hakuolewa ili asukume gari.

Baba mkwe naye akatuma ujumbe wake. Mkwe aje na gari hilo waone kilichokula ng'ombe. Likizima uani kwake, binti harudi, na wazee wataanza mazungumzo ya kurudisha mahari. Siku aliyoitaja ilikuwa ndiyo hiyo.

"Kwa hiyo halitakiwi kuzima," nilisema.

"Uani," alijibu mwenye gari. "Popote pengine lizime linavyotaka, ndiyo maana nimekuchukua wewe. Lakini uani, lazima lisimame hai."

Halikungoja uani. Tulipoingia Itilima ng'ombe walikuwa wanavuka barabara, na ng'ombe wa kule hawana miadi na mtu. Mwenye gari alikanyaga breki, gari likasimama, na injini ikanyamaza. Haikukohoa wala kutetemeka kama gari linalokufa. Ilinyamaza tu, kama mtu aliyemaliza kusema.

"Limezima!" Alizungusha ufunguo. Kimya. Gia ilikuwa bado kwenye D, na gari la otomatiki haliwaki likiwa hapo, lakini mtu akishikwa na hofu hukumbuka ufunguo tu.

Nilishuka mbio. Kwetu gari likizima huhitaji kuomba msaada. Wachungaji wawili waliweka fimbo begani wakaja nyuma ya gari. Bodaboda mmoja aliegesha na abiria wake, wote wakaja. Mama mmoja alitua ndoo. Tukainama, tukatega miguu, na kama kawaida watu wote wakapaza sauti: "Achia breki!"

Akaachia breki. Gari likatikisika na kuwaka hapo hapo, kabla hatujalisogeza hata hatua. Tulishangilia. Mchungaji mmoja alinishika mkono akaniambia nina nguvu za ajabu, na kwa kweli nilianza kuamini.

"Wabeja! Wabeja sana!" mwenye gari aliwashukuru kwa kelele dirishani huku gari likiondoka. Nililikimbilia nikarukia ndani.

Baada ya hapo aliamua kutosimama kabisa. Alipunguza mwendo kwenye matuta, akawapisha mbuzi kwa kupita shambani, akanunua mahindi ya kuchoma gari likitembea huku muuzaji akikimbia pembeni na chenji. Mambo yalikuwa yanakwenda mpaka shangazi alipomwona bibi mmoja amebeba jembe kando ya njia.

"Simama. Yule niliimba naye kwaya."

"Shangazi, sisimami."

"Unataka nimpite kama gunia? Atasema nimeota pembe kwa sababu ya kigari. Simama!"

Hakusimama. Alikata kona akaingia kwenye shamba la pamba lililokwisha kuvunwa, akaanza kumzunguka yule bibi. Shangazi alitoa kichwa dirishani.

"Mwangaluka, mayu!"

"Mwangaluka!" Bibi aligeuka kutufuata.

"Mhola?"

"Mhola duhu! Za nyumbani?"

Tukazunguka. Habari za nyumbani ziliisha, tukaingia za watoto, za ng'ombe, za mvua, za mwanakwaya mmoja aliyehamia dhehebu jingine. Salamu za Kisukuma hazikatwi katikati. Bibi alikuwa anageuka nasi, jembe begani, vumbi linamfunika, anajibu kila swali kwa heshima yake. Mwishowe alipepesuka akakaa chini.

"Kwani," aliuliza akiwa amekaa, "mmedondosha kitu hapa mnakitafuta?"

"Hapana, mayu, gari linaumwa!"

"Poleni! Lipelekeni likapumzike!"

Tulirudi barabarani. Shangazi alijifuta vumbi usoni, akasema angalau amesalimia.

Mbele kidogo mkandarasi alikuwa anamwaga kifusi, na dada mmoja amesimama katikati ya njia na bendera nyekundu. Pembeni kulikuwa na mtaro, nyuma yake greda. Hapakuwa na shamba la kuzungukia. Mwenye gari alisema "Ee Mungu," akakanyaga breki. Kimya kikaja.

Nilifungua mlango, lakini mguu wangu ulinasa kwenye kamba ya mkoba, nikabaki nusu ndani nusu nje. Gari likawaka.

"Sijaligusa," nilisema.

"Limekuona," alisema shangazi. "Limekuona kwenye kioo, likaogopa."

Mwenye gari hakucheka. Mtu aliyeuza ng'ombe hacheki ovyo. "Simama nyuma, nijaribu," aliniambia. Alisogea kidogo, akakanyaga breki, gari likazima. Nilisimama nyuma nikanyoosha mikono bila kugusa. Likawaka. Mara nyingine nilisimama ubavuni. Likawaka. Nilirudi ndani nikakaa, gari likazima, nikakohoa tu. Likawaka.

"Basi huna haja ya kushuka," alisema kwa heshima mpya. "Tukifika uani, likizima, wewe kohoa."

Lakini nina ugonjwa mmoja: siwezi kuachana na kitu nisichokielewa. Mara iliyofuata nilijiinamisha kati ya viti nikatazama miguu yake. Nilikohoa, na nikaona mguu wake unainuka kwenye breki. Alikuwa amezoea. Kwa wiki zote hizo, gari likizima na mtu akionekana nyuma, mguu ulikuwa unaachia wenyewe ukisubiri kusukumwa.

"Kaka, zamu hii usiinue mguu hata nikifa."

Nilikohoa mpaka koo likauma. Kimya.

"Inua sasa."

Likawaka.

Kisha shangazi akauliza, "Kwa hiyo kinachowasha ni mguu?"

"Ni mguu kutoka kwenye breki."

"Na kikohozi?"

"Kikohozi ni changu tu."

Yule dada wa bendera alikuwa amesogea dirishani kutazama. "Si limetengenezwa hivyo?" alisema. "La mhandisi wetu nalo linalala likisimama. Linabana mafuta. Nyie mlidhani nini?" Alinyoosha kidole akatuonyesha kitufe kwenye dashibodi, chenye herufi A iliyozungukwa na mshale. Ukikibonyeza, alisema, gari linaacha kulala. Mwenye gari alikuwa anadhani ni cha kupasha kiti joto, na tangu anunue gari hakuwa amekigusa, maana nani anataka kiti cha moto Simiyu?

Alikitazama kwa muda mrefu. "Dalali aliniambia gari hili linajua kutunza mafuta," alisema polepole. "Nikajua ananisifia bidhaa."

"Basi kibonyeze, tukafike salama," alisema shangazi.

"Nikibonyeze kwa nini? Shangazi, hili gari sio bovu! Lina akili! Nikamwonyeshe mkwe wangu kwamba ng'ombe wake hawakupotea, wameingia kwenye gari lenye akili!"

Nilidhani nimejifukuzisha kazi, lakini alikuwa na furaha kiasi kwamba alinisahau. Kuanzia hapo alisimama kila mahali. Alisimama kwenye njia tupu, akangoja injini inyamaze, akainua mguu, akacheka peke yake. Alisimama kumwonyesha punda. Jua la Meatu lilipoanza kutuchoma kweli kweli, shangazi, ambaye hakutaka kuvua sweta kwa sababu lilikuwa jipya, alifungua kiyoyozi mpaka mwisho akafunga vioo. Upepo wa baridi ukaja kwa kishindo. Mwenye gari alikuwa anafanya mazoezi ya hotuba na hakuona lolote. Mimi niliona, ila sikuona ubaya wake.

Nyumbani kwa mkwe palikuwa na uzio wa minyaa, zizi kubwa, na watu waliokwisha kukaa tayari kama kwenye mechi. Mzee mwenyewe alikuwa kwenye kiti cha kukunja, wanawe watatu wamesimama nyuma yake. Mke wa mwenye gari alisimama mlangoni mwa jiko, mikono kifuani. Mwenye gari aliingia mpaka katikati ya ua, akakanyaga breki, akashusha kioo.

"Mwadila, baba."

"Mwadila." Mzee alikuwa anatazama gari, sio mkwe. "Ndilo hili?"

"Ndilo hili, baba. Na kabla hamjasema, mimi mwenyewe nasema. Gari hili linazima."

Shangazi alishika kichwa.

"Lakini halifi!" aliendelea. "Linalala. Likisimama bila kazi linalala, lisile mafuta ya bure. Kazi ikija linaamka lenyewe. Sasa hivi litalala. Tulieni muone."

Tulitulia. Gari liliunguruma.

Kuku walipita. Gari liliunguruma. Mwenye gari alikuwa amekanyaga breki kwa nguvu zake, jasho linamtoka ndani ya baridi ile yote.

"Mkwe," alisema mzee, "tunasubiri nini?"

"Lizime, baba."

"Mimi nilisema lisizime."

"Ndiyo, baba, lakini..."

"Na halijazima."

"Nyamaza, umeshinda!" shangazi alimnong'oneza, sauti iliyosikika mpaka zizini. "Nyamaza, chukua mke twende!"

Lakini mtu aliyebeba ukweli mpya hashauriki. "Baba, nipe muda kidogo, litazima. Njiani kote lilikuwa linazima vizuri sana!" Alianza kulibembeleza, huku anaupapasa usukani. Lilale basi. Lisimwaibishe. Mmoja wa mashemeji alileta benchi. Mwingine aliuliza kama yuko salama kichwani, akauliza kwa upole kabisa, kama anavyoulizwa mgonjwa. Mimi nilikohoa, kwa mazoea.

Mkewe aliondoka mlangoni mwa jiko. Alikuja hadi upande wa shangazi, akafungua mlango. "Mwadila, shangazi. Hebu nikae." Shangazi alishuka kwa shida, yule mama akaingia akakaa kando ya mumewe bila kumtazama. Kisha akajikunyata.

"Baridi yote hii ya nini? Mmebeba samaki?"

Akazima kiyoyozi. Upepo ulikatika, na punde injini, ambayo haikuwa tena na kazi ya kupoza, nayo ikanyamaza.

"Limezima!" Mwenye gari alipiga ngumi hewani. Sijawahi kumwona mtu mwingine akishangilia gari lake kuzima, na sitarajii. "Mmeona? Limezima! Tazama sasa!" Akainua mguu, likawaka. Akakanyaga, likazima. Akainua, likawaka.

"Baba," alisema shemeji mkubwa, "limezima uani."

Mzee alikuna kidevu. Alikuwa ameweka sharti, na sharti lilikuwa limevunjwa na kutimizwa kwa pumzi moja. "Hili limeshanizidi," alisema. "Muulizeni mwenye kuolewa."

Yule mama alikuwa amemgeukia mumewe, sura imebadilika. "Subiri. Siku ile ya harusi, getini. Lilikuwa limelala?"

"Limelala tu, mke wangu!"

"Ungeinua mguu lingewaka?"

"Hapo hapo!"

"Kwa hiyo mimi, na kitenge changu, na viatu vyangu, mbele ya watu wote, nilisukuma bure."

Furaha ilimtoka mumewe usoni taratibu kama maji kwenye debe lililotoboka. Uani kote hakuna aliyecheka, ingawa shemeji mdogo alikuwa anauma kofia.

"Zima kwa ufunguo," alisema mkewe. "Weka gia ya kusukumwa. Shuka. Unisukume mpaka barabarani."

Niliruka nje haraka, maana hiyo ndiyo kazi niliyoajiriwa.

"Wewe nani?"

"Mimi ndiye msukumaji, mama."

Alinitazama, akamtazama mumewe. "Umeajiri na msukumaji?" Kisha kwangu: "Wewe shika usukani. Asukume yeye."

Nilishika usukani. Gari sijui kuendesha, lakini kulishika lisiingie zizini niliweza. Nyuma yetu mwenye gari alivua koti la suti, akainama. Gari lilianza kusogea, polepole, kwenye mchanga wa uani, likapita mbele ya baba mkwe, mbele ya mashemeji, mbele ya majirani waliokuwa wamejaa kwenye minyaa. Wawili walitaka kwenda kusaidia, kwa desturi, mzee akawazuia kwa fimbo. "Mwacheni. Ana mazungumzo na mkewe."

Mkewe alikaa wima, mikono mapajani, kama kiongozi anayekagua gwaride. Kwenye kona ya zizi nilisikia kama analia. Nilimtazama kwa pembeni: alikuwa amejiziba mdomo kwa ncha ya kitenge, machozi yanamtoka, anacheka mpaka mabega yanarukaruka.

"Usimwambie," alisema. "Zunguka zizi mara moja kwanza."

Nilizunguka.

Tulipofika barabarani mwenye gari alikuwa hana pumzi wala rangi ya viatu. Mkewe alishuka, akaenda nyuma, akamkuta ameegemea buti. Walisema nini sijui. Nilibaki na usukani wangu. Aliporudi alikuwa ameshika lile koti la suti, analikung'uta vumbi kwa nguvu, kama mtu anayekung'uta nguo ya nyumbani kwake.

Tulikula wali na kuku, mzee akatoa baraka ndefu, na mizigo ikaanza kutoka ndani. Mama aliyerudi kwao hatoki kwao mikono mitupu. Lilitoka begi, likatoka gunia la mchele, godoro, beseni, jogoo na majike yake, na mwisho kabisa mbuzi aliyetolewa na shemeji mkubwa kwa sababu alikuwa amecheka sana. Kiti cha nyuma kilijaa mpaka paa. Shangazi aliingizwa katikati ya godoro na mbuzi, akabaki kichwa tu.

Mwenye gari alizunguka gari akinitafutia nafasi, akainua beseni, akalirudisha.

"Ngosha," alisema, "nafasi yako imekaliwa."

Nilimwambia hiyo ndiyo habari njema ya siku. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Mkewe alinipa kipande cha kuku kwenye mfuko, na kabla hawajaondoka alinyoosha kidole akabonyeza kile kitufe cha herufi A. Gari liliondoka likiunguruma, likasimama kupisha ng'ombe, likaunguruma, likapotea.

Nilitembea kuingia Mwanhuzi jua likiwa linashuka. Mji sikuwa naujua. Mbwa wa duka la kwanza alinibwekea vizuri, wa pili akamsaidia. Nyuma ya soko nilikuta nyumba ya wageni yenye uzio wa bati, na mama mwenye nyumba hiyo, kajifunga mtandio, anamwagilia uani vumbi litulie.

"Karibu. Unatokea wapi?"

"Bariadi."

"Na kazi yako?"

"Leo nilikuwa nasukuma gari."

"Lilikuwa bovu?"

"Hapana, mama, halina tatizo lolote."

Aliacha kumwagilia, akanitazama miguu, akautazama mfuko wa kuku. Kisha akanionyesha chumba cha mwisho, karibu na bafu, akaniambia maji ya kuoga yapo kwenye ndoo na nisiyamalize, kuna wageni wengine.